Sindano ya Mgongo na Mapigo ya Moyo: Historia Iliyofika Mpaka Nagongera

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia sindano ambayo akina mama wengi kambini wanaiogopa kuliko hata uchungu wenyewe: sindano ya mgongo, ile inayochomwa kabla ya upasuaji wa kujifungua.

Maswali yenu juu ya sindano hii ni mengi, lakini tukiyapanga yanabaki matatu. La kwanza: ni kweli kwamba inaweza kusimamisha moyo? La pili: kwa nini mama mmoja anachomwa mgongoni akiwa macho, na mwenzake analazwa usingizi kabisa? Je, huo si ubaguzi kwa sababu sisi ni wakimbizi? La tatu: kwa nini wanaendelea kukuuliza maswali huku wanakupasua? Maswali yote matatu yana jibu moja, na jibu hilo limechukua zaidi ya miaka mia moja kupatikana. Tulifuate taratibu.

Tuanzie Nagongera. Ni mji mdogo wa reli katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, katika nchi ya Wajapadhola. Mpaka wa Kenya hauko mbali: kuna Malaba, na ukishuka kusini kuna Busia. Watu wa eneo hili wanajua maana ya kupokea wageni waliokimbia. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka hapo Malaba na Busia. Wengi waliwekwa katika kambi ya muda ya Mulanda, katika eneo hilohilo la Budama Magharibi, na baadaye wakahamishiwa Kiryandongo.

Penye wakimbizi pana wajawazito. Mimba haisubiri vita viishe. Katika mpangilio wa afya wa Uganda, mkimbizi hutibiwa katika vituo vilevile vya serikali anavyotibiwa mwananchi. Vituo hivyo vimepangwa kwa madaraja, na daraja la IV ndilo lililopangiwa chumba cha upasuaji, ili mama ambaye mtoto wake amekwama asisafirishwe mbali usiku. Nagongera ina kituo cha daraja hilo. Basi fikiria mama mkimbizi, awe Mkongo, Msomali au Msudani, anafikishwa katika kituo kama hicho. Wahudumu wanazungumza Kidhopadhola, Kiganda na Kiingereza. Yeye anaambiwa akae, ainamishe kichwa na kukunja mgongo kama paka, kisha anahisi sindano kiunoni. Ni nini kinachotokea ndani ya mwili wake?

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Kabla ya sindano, tujue kwamba upasuaji wa kumtoa mtoto haukuletwa na wageni peke yao. Mwaka 1879, Mwingereza mmoja wa misheni aliyesomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia upasuaji wa namna hiyo Kahura, katika nchi ya Bunyoro, magharibi mwa Uganda ya leo. Aliuandika na kuuchapisha mwaka 1884. Anaeleza kwamba mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa kiasi. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe hiyo, kisha kwa maji. Alipasua, akamtoa mtoto, akazuia damu kwa chuma cha moto, na akafunga kidonda kwa pini za chuma na dawa ya mizizi. Felkin anasema kwamba baada ya siku kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto walikuwa hai.

Hiyo ilikuwa kazi ya mafundi waliokwisha kuizoea. Lakini angalia ni kitu gani kilikosekana. Pombe hulewesha, haiondoi maumivu yote. Mama wa Kahura alishikwa na wasaidizi ili asijitikise. Dunia nzima wakati huo ilikuwa ikitafuta dawa ya kuua maumivu bila kumuua mgonjwa.

Dawa hiyo ilianzia kwenye jani. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, watu walitafuna majani ya koka kwa karne nyingi. Mwaka 1860 Mjerumani Albert Niemann alitenga kemikali yake, kokeni. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba tone la kokeni likiwekwa kwenye jicho, jicho hufa ganzi na laweza kupasuliwa mtu akiwa macho. Madaktari wakajiuliza: kama jicho linaweza, kwa nini si mguu, kwa nini si tumbo?

Tarehe 16 Agosti 1898, katika mji wa Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alichoma kokeni ndani ya maji yanayozunguka uti wa mgongo wa mgonjwa aliyehitaji kupasuliwa mguu. Ganzi ilifanya kazi. Siku nane baadaye, Bier na msaidizi wake August Hildebrandt waliamua kujijaribu wenyewe. Hildebrandt alipochomwa, Bier alimpiga muundi kwa nyundo ya chuma, na mwenzake hakusikia maumivu. Baada ya hapo wote wawili waliugua, na Bier aliumwa kichwa vibaya kwa siku kadhaa. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1900, daktari Oskar Kreis wa Basel, Uswisi, alianza kuwachoma sindano hiyo akina mama wenye uchungu wa kujifungua.

Habari zikaenea haraka. Lakini na vifo vilianza kuandikwa. Mgonjwa alichomwa akiwa mzima, akaanza kutapika, akabadilika rangi, presha ikashuka, moyo ukaenda polepole, na wakati mwingine ukasimama. Kwa hiyo ndugu msikilizaji, waliokuambia kwamba sindano hii inaweza kugusa moyo hawakutunga uongo. Walichokosa ni sehemu ya pili ya habari: sababu yake ilitafutwa, ikapatikana, na kinga yake ikajulikana.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Sababu yenyewe ni hii. Mwilini kuna neva za aina nyingi. Zipo zinazobeba maumivu, zipo zinazoamrisha miguu itembee. Na zipo nyingine zinazofanya kazi bila wewe kuziagiza. Hizo huitwa neva za simpathetiki. Ukisikia mlio wa risasi na moyo ukaanza kudunda, hukuuambia udunde. Ni hizo zimeuambia. Ukisimama ghafla na damu isikimbilie miguuni yote, ni hizo zimeibana mishipa yako.

Mfaransa Claude Bernard alizigundua kazi zake mwanzoni mwa miaka ya 1850. Alikata neva ya simpathetiki ya shingoni mwa sungura, upande mmoja tu. Sikio la upande huo likawa jekundu na la moto kuliko jingine, kwa sababu mishipa ya damu ilikuwa imelegea na damu imejaa. Neva ikiwa hai hubana. Ikinyamazishwa, mshipa hulegea.

Na moyo? Mwaka 1921, Otto Loewi, akifanya kazi Graz, Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Alichochea neva za moyo wa kwanza, kisha akachukua maji yaliyouzunguka na kuyapeleka kwenye moyo wa pili. Kwa neva moja, moyo wa pili ulienda polepole. Kwa nyingine, ulienda mbio. Ikajulikana kwamba neva huuamrisha moyo kwa kumwaga kemikali, na kwamba kuna mkono wa kuharakisha na mkono wa kupunguza. Loewi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936, pamoja na Henry Dale.

Sasa tuunganishe. Dawa ya ganzi haichagui. Ikifika kwenye uti wa mgongo huzima neva za maumivu, huzima neva za miguu, na huzima pia neva za simpathetiki zinazopita hapohapo. Fikiria tangi la maji la kambi. Maji ni yaleyale, lakini ghafla mabomba yote ya bondeni yanapanuka mara mbili. Bomba la kule mlimani litatoa nini? Hewa. Ndivyo ilivyo mishipa ya miguu na tumbo inapolegea: damu hubaki chini, inayorudi kwenye moyo hupungua, na presha hushuka. Kichwa, ambacho ndicho bomba la mlimani, huanza kupata kizunguzungu.

Kuna jambo la pili. Neva za simpathetiki zinazouharakisha moyo hutoka katika sehemu ya juu ya uti wa mgongo, usawa wa kifua. Ili mama apasuliwe tumbo bila maumivu, ganzi lazima ipande mpaka karibu na usawa wa chuchu. Hapo ndipo mlango wa neva za moyo ulipo! Ikipanda zaidi kidogo, neva za kuharakisha moyo nazo hunyamazishwa. Lakini neva ya kupunguza mwendo hutoka kwenye ubongo, haipiti mgongoni, kwa hiyo yenyewe inabaki kazini. Moyo unakuwa kama gari ambalo dereva ameondoa mguu kwenye mafuta na kuuacha kwenye breki.

Na la tatu ni la mjamzito peke yake. Akilala chali, uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mishipa imelegea, na hapohapo njia ya kurudi imebanwa. Presha ya mama ikishuka sana, mtoto naye hupungukiwa damu, maana mtoto anategemea presha ya mama.

Walipoyaelewa haya, watu walianza kuweka kinga moja baada ya nyingine. Mwaka 1907 daktari Arthur Barker wa London aliichanganya dawa ya ganzi na sukari ya glukosi ili iwe nzito. Kitu kizito huzama, basi daktari akaweza kuielekeza dawa kwa kumwinua au kumlaza mgonjwa. Dawa nzito hutumika mpaka leo. Ndiyo maana baada ya sindano wanakulaza kwa utaratibu wao na kukukataza kujigeuza ovyo.

Kinga nyingine ilitoka Asia. Wachina walitumia mmea uitwao ma huang kwa karne nyingi. Mjapani Nagai Nagayoshi alitenga dawa yake, efedrini, mwaka 1885, na katika miaka ya 1920 Ko Kuei Chen na Carl Schmidt, wakifanya kazi Peking, waliueleza ulimwengu kwamba inapandisha presha na kuharakisha moyo. Kabla ya mwaka 1930 madaktari walikuwa wakiitumia kuinua presha ya waliochomwa sindano ya mgongo. Leo ipo efedrini, ipo fenilefrini inayobana mishipa, na ipo atropini ya kuulegeza ule mguu wa breki moyo ukienda polepole mno.

Kwa hiyo ukiwa pale mezani, kila wanachokufanyia kina historia. Dripu mkononi ni ya kuongeza maji ndani ya tangi. Kitambaa kinachobana mkono kila baada ya dakika moja au mbili kinapima presha. Nguo iliyokunjwa na kuwekwa chini ya nyonga ya kulia, ukaegemea kidogo kushoto, ni ya kuondoa uzito wa mtoto juu ya mshipa mkubwa. Hawakukuweka vibaya. Wameulinda moyo wako.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Sasa lile swali la ubaguzi. Wakimbizi tumezoea kutendewa tofauti, na si ajabu mtu akiuliza. Lakini hapa tofauti ina sababu yake. Mama aliyevuja damu nyingi anaishi kwa sababu neva zake za simpathetiki zimebana mishipa kwa nguvu zote. Hizo ndizo zinazomshikilia. Ukizizima kwa sindano ya mgongo, presha inaweza kuanguka mara moja. Mama kama huyo mara nyingi hupewa usingizi kamili, ambao wengine huuita nusu kaputi, na mara nyingi katika vituo vyetu dawa yake ni ketamini. Dawa hiyo ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na kwa kawaida kazi yake kwa moyo ni kinyume cha sindano ya mgongo: huzichochea neva za simpathetiki badala ya kuzizima. Vivyo hivyo, mama mwenye ugonjwa wa moyo, kama ule wa vali unaoachwa na homa ya baridi yabisi, huenda asistahimili presha kushuka ghafla, na wataalamu watampangia njia nyingine au kumpeleka hospitali kubwa. Lakini mama ambaye hajavuja damu na moyo wake ni mzima, kwa kawaida sindano ya mgongo ndiyo salama zaidi kwake: anapumua mwenyewe, hapitishiwi mpira kooni, na anamsikia mtoto wake akilia.

Basi kabla ya kuchomwa, sema kama umevuja damu, sema kama una ugonjwa wa moyo, sema dawa unazotumia na saa uliyokula mara ya mwisho. Na una haki ya kuuliza: mmenichagulia njia gani, na kwa nini?

Limebaki swali la tatu: kwa nini wanakuuliza maswali wakati wanakupasua? Jibu ni kwamba wewe ni sehemu ya vipimo. Mara nyingi kichefuchefu na kizunguzungu hutangulia, mashine haijasoma bado kwamba presha imeshuka. Vidole vya mikono vikianza kufa ganzi, ni dalili kwamba dawa imepanda kupita kifua, na neva za moyo zimeguswa. Mtaalamu wa usingizi anayesikia neno hilo mapema huongeza dripu, huchoma efedrini, na tatizo mara nyingi huisha ndani ya dakika chache.

Na kumbuka kwamba vifaa havitoshi kila mahali. Utafiti kuhusu huduma za usingizi Uganda, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba ni asilimia 6 tu ya wataalamu waliohojiwa waliokuwa na vifaa vyote vinavyohitajika kumpa mama usingizi au ganzi salama kwa upasuaji wa kujifungua. Pale ambapo mashine hazitoshi, mdomo wa mama unapata kazi kubwa zaidi.

Hapo ndipo sisi tuna shida ambayo mwananchi hana. Mama wa Nagongera atasema kizunguzungu kwa lugha ya mama yake, na muuguzi atageuka mara moja. Mama mkimbizi anaweza kuhisi moyo unampotea, akanyamaza kwa sababu hajui aseme nini, au kwa sababu nyumbani alifundishwa kwamba mwanamke hodari hapigi kelele. Msikilizaji, pale mezani ukimya si uhodari.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Wewe mjamzito, mume wake, mama mkwe, mkunga wa jadi, na wewe mhamasishaji wa afya kambini: jifunzeni maneno matano kwa lugha inayotumika katika kituo mnachopelekwa. Kizunguzungu. Kichefuchefu. Mikono imekufa ganzi. Siwezi kupumua vizuri. Bado nasikia maumivu. Yaandikeni kwenye kadi ya kliniki, nyuma, kwa herufi kubwa. Kama hakuna anayejua kuandika, kubalianeni na wahudumu ishara kabla ya sindano: mkono juu ya kichwa kwa kizunguzungu, mkono tumboni kwa kichefuchefu, mkono kifuani kwa pumzi, kukunjua na kufumba vidole kwa ganzi ya mikono, kutikisa kichwa kwa maumivu. Na ombeni mkalimani aitwe mapema, wakati mama bado anatembea, si wakati kisu kimeshashikwa.

Baada ya upasuaji, miguu huwa mizito kwa saa kadhaa, kisha hurudi. Usikurupuke kusimama, mishipa bado imelegea na utaanguka. Lala, ita muuguzi, inuka ukiwa umeshikwa. Ukiumwa kichwa kwa siku zinazofuata, hasa ukikaa, rudi kituoni useme. Inajulikana na ina matibabu.

Mganga wa Kahura alifanya kazi yake na mama aliyeleweshwa. Bier alifanya yake na mtu aliyepigwa nyundo. Wewe unaingia ukiwa macho, na unaweza kusema. Hiyo ni nafasi ambayo mama wa mwaka 1879 hakuipata. Itumie.

Kipindi chetu kinaishia hapo. Ukimaliza kusoma nakala hii, usiitumie kuwashia moto. Mpe jirani mwenye mimba. Kama hajui kusoma, msomee. Mimi ni mtangazaji wako, nakutakia afya njema. Kwaheri mpaka kipindi kijacho.

[Muziki wa kufungia]